Punda Hakuulizwa

Miaka kumi kazini: saa ya shaba.
Ndiyo ilikuwa kanuni.
Pampu za maji tunazibuni hapa Tampere,
zinaundwa kwingine, mbali,
na popote mtu alipotimiza miaka kumi
mimi, Kerttu wa ghala la chini,
nilimfungia saa ile ile, karatasi ile ile ya buluu,
na kadi ya kuoga mvuke
katika sauna iliyo kando ya ziwa letu.

Nilifunga. Sikufikiri.
Nani hufikiri akiwa na gundi vidoleni?

Jibu la kwanza lilitoka Suzhou:
bahasha, na ndani yake sarafu moja.
Nikaipima kiganjani, nikadhani dharau.
Barua ya Bi Qiu ilikuwa chini yake, imekunjwa mara nne:
Bwana Shen anashukuru sana.
Mama yake alipoliona sanduku
alikaa kwenye sakafu ya jikoni, akalia.
Kwetu kumpa mtu saa
hutamkwa sawa na kumsindikiza kaburini.
Basi hii sarafu ni bei yake.
Mhesabu kwamba ameinunua.

Kisha Madurai. Vaidehi, msukaji wa nyaya za mota,
alirudisha kadi ya sauna:
Bafu la mvuke tunalo, waheshimiwa.
Tunaliita mwezi wa Mei.
Na pembeni, kwa kalamu nyingine,
kama aliyeondoka akarudi:
Mwanangu anaanza chuo Juni. Ada.
Neno moja, na nukta yake.

Okayama hawakurudisha kitu.
Walimtundika Bwana Tokumaru ukutani, ndani ya fremu,
Mfanyakazi Bora.
Kesho yake ukuta ulikuwa mtupu, msumari umebaki.
Mwenyewe hakusema.
Msimamizi wake alizunguka kurasa mbili nzima
ndipo akafika penyewe:
usiku ule wa mafuriko walikuwa sita,
na wa sita ndiye aliyeshika tochi.

Eulalia wa Saltillo, lakini, saa aliipenda!
Kaiweka juu ya televisheni, kawapigia shangazi zake wote.
Aliuliza jambo moja tu:
mbona imeletwa na mtu wa posta?
Meneja hana miguu?
Angekuja, angekula, angewaona watoto.

Huko juu, orofa ya tano, wakasema:
shukrani ya punda ni mateke.

Nikapanda ngazi na barua zangu mkononi,
mimi ambaye kupanda kwangu ni kwenda kutia sahihi.
Nikamwambia Bibi Sorsakoski:
mateke tumeyaona.
Ila punda hakuulizwa anakula nini.
Akazisoma zote. Ile ya sarafu aliisoma mara mbili.
Theluji ilikuwa inateleza paani,
tukaisikia ikianguka uani, bufu,
wala hakuna aliyegeuka.

Siku hizi ipo fomu. Swali moja, mistari mitatu.
Wengine hutaka fedha, wazi, bila utepe.
Okayama waliomba meza ya chakula ya watu sita.
Mtu mmoja wa Madurai ameandika:
jina langu lisomwe kwa sauti, mke wangu awepo.
Mwingine, dawati la pili yake:
tafadhali msinitaje.
Na bado tunakosea.
Juzi tumepeleka jibini kwa asiyekula maziwa.

Mwezi wa kumi na moja fomu ilinifikia mimi.
Miaka thelathini humu ndani, saa tatu za shaba kabatini,
zote zimesimama.
Mzaliwa wa hapa hapa, lugha yao ndiyo yangu,
na hata mara moja hakuna aliyewahi kuuliza.
Nilikaa nayo wiki tatu.
Nje giza lilikuwa linashuka saa tisa alasiri,
au ndivyo nilivyoambiwa,
maana ghalani taa ni ile ile asubuhi na jioni.

Mistari mitatu walinipa.
Nikaandika: dirisha.
Iliyobaki nimeiacha wazi.